Kalori za wali wa nazi zitafute sufuriani

Andika "mahamri" kwenye programu ya simu ya kuhesabu kalori, utaletewa majibu chungu nzima. Moja linasema hivi, la pili limezidi maradufu, na hakuna hata moja linaloeleza hamri lenyewe lina ukubwa gani. Programu nyingi zinamruhusu mtumiaji yeyote aongeze chakula chake, na aliyeyaweka mahamri yale huenda alichukua tu namba ya donati akaipa jina jipya. Kwa mtu wa Nairobi anayekula mkate wa dukani na mayai ya kuchemsha, hilo si tatizo kubwa. Lakini sisi wa Lamu karibu kila tunachokula kimepita kwenye tui au kwenye karai.

Namba ninazoziamini zinatoka kwenye majedwali ya lishe yaliyokusanywa na wataalamu. La kwanza ni Kenya Food Composition Tables la 2018, lililotolewa na Serikali ya Kenya pamoja na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Linapatikana bure kwenye intaneti, na lina kitabu mwenzake cha mapishi. Watanzania wana lao la 2008. Nikikosa kitu humo, nafungua FoodData Central ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ila huko chagua vizuri: vilivyoandikwa "Branded" ni namba za kampuni zenyewe. Ukitafuta mchele, nazi au unga wa kawaida, nenda kwenye makundi ya "Foundation" au "SR Legacy".

Kisha nakupa kanuni moja tu: chukua namba ya kitu kibichi, halafu gawanya sufuria mwenyewe.

Tuseme wapika nusu kilo ya mchele. Mchele mkavu una kalori 360 hivi kwa kila gramu 100, basi hapo ni 1,800. Kasimele, lile tui zito la kwanza kabla hujatia maji mengi, lina karibu 230 kwa gramu 100. Ukitia gramu 250, umeongeza 575. Tui jepesi ni maji zaidi kuliko mafuta, nalitia kwa makisio. Jumla 2,375 na kidogo. Wali ukishakauka, pima sufuria nzima, toa uzito wa sufuria tupu (zangu zote nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa kabatini), tuseme unabaki na kilo 1.45 za wali. Hiyo ni kama kalori 164 kwa gramu 100. Wali mweupe wa maji matupu ni 130. Sahani ya gramu 350 inakupa takriban 575 badala ya 455. Tofauti hiyo kila mchana si ndogo.

Kosa kubwa zaidi ni kupima wali ulioiva ukaandika namba ya mchele mkavu. Sahani ileile itasomeka 1,260, na mtu ataanza kujinyima bure. Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, soma kama ni ya kibichi au ya kilichoiva. Mbaazi na maharagwe pia ni vivyo hivyo.

Mama mkwe wangu aliponiona na mizani aliniuliza, "Wapima wali, mwanangu, kwani wauza?" Lakini yeye ndiye aliyenipa njia ya mahamri, bila kujua. Mafuta yakipoa huyamimina tena kwenye chupa kuona yamepungua kiasi gani, maana mafuta siku hizi ni ghali. Basi ndiyo hesabu yenyewe: pima mafuta kabla ya kukaanga na baada ya kupoa. Yakipungua gramu 150 kwa mahamri 30, kila moja limekunywa gramu 5, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Hiyo ni 45 juu ya unga, sukari na tui uliokandia. Kuna yanayorukia jikoni, sawa, lakini heri makisio hayo kuliko namba ya mtu asiyejulikana.

Vya paketi ni rahisi kuhesabu, ukiwa macho. Biskuti inaweza kuandikwa 2,000 kwa herufi kubwa, ukashtuka, kumbe ni kJ, yaani kilojuli, kipimo kingine cha nishati. Gawanya kwa 4.2 upate kalori, hapo ni kama 476. Na ukiishuku lebo, ijaribu: protini zidisha kwa 4, wanga kwa 4, mafuta kwa 9, ujumlishe. Isipokaribiana na iliyoandikwa, huenda kuna mtu aliyekosea kuchapa. Angalia pia kama namba ni ya gramu 100 au ya kipande, kwani kipande cha kiwandani mara nyingi ni kidogo kuliko cha mtoto wako.

Samaki sina shida naye. Changu wa kuchoma ana kalori chache, karibu 100 kwa gramu 100 za nyama mbichi. Pima mzima akiwa mbichi, ukishakula pima miba na kichwa, utoe. Akiwa wa kupaka, rudi kwenye hesabu ya tui.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, kwake wanga huja kabla ya kalori, na hilo alipange na kliniki yake.

Viazi karai na bajia za kununua jioni hutavipima mafuta, na usimsumbue muuzaji. Pima kimoja nyumbani, tafuta kwenye jedwali chakula cha kukaanga kinachofanana nacho, ongeza kidogo, kisha tumia namba hiyohiyo kila mara. Ikiwa ina kasoro, angalau kasoro itakuwa ileile wiki hadi wiki, na mwenendo wako utauona.