Premiere Pro au DaVinci Resolve kwa video za harusi?
Ndugu, umeuliza kama ulipie programu ya kuhariri video ya Premiere Pro kila mwezi au uanze na mwenzake wa bure, DaVinci Resolve, kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8. Kwa kusahihisha rangi, kwangu Resolve haina mpinzani: shela lililogeuka bluu chini ya taa za ukumbi hurudi jeupe bila kuharibu rangi ya ngozi ya bibi harusi, na video hutoka bila nembo ya programu juu yake ilimradi usiguse vipengele vya toleo la kulipia. Tatizo ni kwamba huielemea mno kadi ya picha (GPU) ya kompyuta, hivyo tengeneza kwanza nakala nyepesi za video, la sivyo mashine yako itakwama kila unapokata kipande. Premiere hufaa zaidi ukishirikiana na wanaotumia After Effects, programu ya kutengeneza madoido na michoro inayotembea, ingawa malipo yakikoma, nayo hufungwa.