Umechaguliwa Mkwawa na ulitaka Mlimani? Soma hapa kwanza

Majina ya waliochaguliwa vyuo vikuu yalipotoka mwaka 2015 nilikuwa Mbagala, nimekaa kibarazani na simu ya dada yangu mkononi. Mimi nilitaka Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikapangiwa Mkwawa, Iringa. Shangazi akauliza, "Kwani si chuo hicho hicho?" Nikamjibu kwa ukali ambao mpaka leo nauonea aibu, kwa sababu alikuwa sahihi: Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachosomesha walimu, na shahada unayopewa ni ya chuo hicho hicho. Tena ukitaka mlima wa kweli, uko huku. Basi likimaliza kupanda mlima Kitonga, likaipita Ilula na nyanya zake, unafika Ipogolo unakuta mji wenyewe bado uko juu ya kichwa chako.

Kila mwaka msimu huu naletewa vijana waliochaguliwa Iringa, wamenuna kama nilivyonuna mimi. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu, kwa hiyo nayaandika.

Tuanze na boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu. Wakati wangu Bodi ya Mikopo ilikuwa inatoa shilingi 8,500 za chakula na malazi kwa siku, na sasa ni 10,000. Kiasi ni kile kile, uwe Dar au uwe Iringa. Rafiki yangu aliyepata Mlimani alikuwa amepanga Kimara, na nauli pamoja na chakula cha barabarani vilimla kabla hajafungua daftari. Mimi geto letu, chumba cha kupanga, lilikuwa nje kidogo ya geti la chuo, elfu thelathini kwa mwezi, tumekaa wawili. Kipindi cha saa moja asubuhi niliamka saa kumi na mbili na nusu. Yeye saa hiyo alikuwa amening'inia mlangoni mwa daladala. Hesabu saa mbili kwa siku, kwa miaka mitatu, ndipo utajua nani alipendelewa.

Ila lazima upike. Ukijizoesha chipsi mayai kila jioni, boom litakata katikati hata kama unaishi peponi. Shuka Soko Kuu, nunua viazi kwa sado, maharage, mchele wa Pawaga, vitunguu. Na mtafute mtu mmoja wa kununua kwake siku zote. Mimi nilikuwa na mama mmoja wa viazi, ambaye boom likichelewa alinikopesha na kuandika kwenye daftari la shule lililokatwa nusu. Jina langu hakulijua. Aliandika "mwalimu mrefu", na chini yake "mwalimu mrefu na mwenzie", yaani siku nilizokwenda na mwenzangu wa chumba. Nilichofanya mimi kupata heshima hiyo ni kumsalimia kila nilipopita, hata siku ambazo sikuwa na hela. "Kamwene, mama." Neno moja la Kihehe, jifunze ukiwa bado kwenye basi.

Sasa nikupe upande wa pili wa kujulikana. Mwaka wa pili nilimtumia mhadhiri ujumbe kwamba nina malaria, sitaweza kuwasilisha kazi Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo nikashuka sokoni. Nimeinama nachagua viazi, nasikia sauti nyuma yangu: "Imeshuka hiyo malaria?" Dokta, yule yule mhadhiri wangu, kasimama na kikapu chake cha milulu, na yeye kafuata viazi. Kabla sijapata la kusema, mama akadakia kwa huruma kabisa: "Ana malaria huyu? Mbona jana jioni alikuwa hapa anacheka?" Dokta hakunigombeza. Alinunua sado yake, akamwambia mama, "Mwongezee na huyu mgonjwa viwili," akaondoka. Kazi niliiwasilisha Ijumaa asubuhi.

Lakini ni mhadhiri huyo huyo, na ni meza ile ile, mwaka wa tatu, nilipomwambia nimekwama kwenye utafiti. Tulisimama kati ya mafungu ya nyanya kama dakika ishirini. Akaniambia swali langu ni la wizara nzima, mimi nina miguu miwili tu, nichague shule moja. Ofisini kwake pengine ningekaa foleni wiki nzima kupata sentensi hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu wahadhiri wa mji mdogo ni huu: usijifiche ukiwaona kwa muuza nyama. Salimia, halafu uliza.

Baridi. Utafika Oktoba au Novemba, jua kali, utaona watu walikutisha bure. Subiri Juni. Mitihani ya mwisho wa mwaka inakukuta vidole havishiki kalamu. Nunua blanketi zito na sweta la mtumba mapema, kabla bei hazijapanda pamoja na baridi. Na kama mnachangia umeme wa LUKU, elewaneni mapema kuhusu hita ya kuchovya kwenye ndoo. Nimeona watu waliokuwa wanakula sahani moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya maji ya kuoga.

Kazi za kujiongezea kipato ni chache, hapo sikudanganyi. Nilichopata mimi ni tuisheni ya watoto wawili wa kidato cha pili. Kuna Jumapili pia utachoka kuona sura zile zile, na ukiachana na mtu, muuza vocha atajua kabla hujamaliza kulia. Siku kama hizo nilipanda Gangilonga, lile jiwe lenye jina la Kihehe linalosema jiwe linaongea. Ukikaa juu yake unauona mji wote, unaweza hata kunyoosha kidole ulikoanika nguo zako. Siku nyingine nenda Kalenga, ni karibu tu. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko pale, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nilisoma chuo chenye jina lake miaka miwili na nusu kabla sijafika, na wapo niliohitimu nao ambao hawakufika kabisa.

Mwisho, geto. Usilipe ukiwa Dar kwa kuona picha za dalali. Mimi nililipa, nikakuta chumba kina mtu ndani, anakula ugali. Njoo siku tatu kabla, lala kwa mwenzako, zunguka kwa miguu. Na kabla hujauliza kodi, fungua bomba uone kama linatoa maji, halafu mwulize mpangaji, usimwulize mwenye nyumba, huwa yanakatika siku gani.