Ndoo inaelekea wapi?
Dada uliyeuliza tofauti ya "borrow" na "lend", shida inaanzia kwetu: "kuazima" kwetu kunabeba pande zote mbili. Hapa Mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki Mwanza, ukimwambia muuza dagaa "niazime ndoo", mmeelewana. Kiingereza kinataka kujua ndoo inaelekea wapi. Ukiipokea wewe ni "borrow", na mwenye ndoo anatanguliwa na "from". Ukiitoa wewe ni "lend". Kwa hiyo "borrow me your bucket" kwenye mtihani ni kosa (nami nimelisema miaka!), andika "lend me your bucket", maana anayetoa ndoo ni yule unayemwomba. Wakati uliopita ni "lent", si "lended". Mtumbwi wa kulipia kwa siku ni habari nyingine, huo ni "hire".