Muulize Mhandisi: Mafundi wa kiyoyozi wanataka kutoboa bimu

Shikamoo Mhandisi. Nasimamia ujenzi wa jengo la ofisi hapa Dodoma. Bimu ni za chuma, kimo milimita 453, kilo 67 kwa mita. Zina urefu wa mita 9 na zimepangwa kila baada ya mita 3, na juu yake kuna mabati ya sakafu na zege la milimita 130. Ghorofa ya kwanza zege limeshakomaa, ya pili bado halijamwagwa. Sasa mafundi wa kiyoyozi wanataka matundu ya mstatili, urefu milimita 500 kimo 300, mita moja tu kutoka kwenye nguzo. Fundi wao mkuu anasema chuma cha katikati ya kimo "hakifanyi kazi". Niwaruhusu?
— Msimamizi, Dodoma

Marahaba. Usiwaruhusu, angalau si hapo.

Fundi ameokota nusu ya somo. Bimu inapopinda, zege la juu hubanwa na bamba la chini huvutwa, na ubavu wa katikati, yaani bamba lake la wima, huchangia kidogo. Hilo ni kweli. Lakini ubavu ndio unaobeba nguvu ya mkato, ile mnayoiita shia, na shia ni kubwa zaidi karibu na nguzo. Yaani amechagua mahali pabaya kuliko pote.

Tuweke namba. Nimechukua mzigo wa kilonyutoni 30 kwa kila mita ya bimu, vizidishi vya usalama vikiwemo. Mita moja kutoka kwenye nguzo, shia ni kama kilonyutoni 105. Ubavu una unene wa milimita 8.5, na ukitoboa 300 utabaki na vipande vya kama 76 juu na 76 chini. Ukipima shia peke yake, vipande hivyo vinaweza kubeba karibu kilonyutoni 200. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Hesabu ya pili ndiyo inayoangusha. Palipotobolewa, bimu hugeuka fremu isiyo na vyuma vya mshazari, kama ngazi iliyolazwa. Mbelgiji Arthur Vierendeel alijenga madaraja ya namna hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo mpindo unaotokea kwenye fremu kama hizo unaitwa kwa jina lake. Shia inapovuka tundu, inapinda pembe zote nne. Kiasi chake ni shia mara urefu wa tundu: 105 mara 0.5, yaani kilonyutoni-mita 52.5. Pembe nne za bimu yako, kwa chuma cha daraja la 275 (nguvu ya nyutoni 275 kwa milimita ya mraba), zinafikisha kama 30 tu, na hapo sijapunguza kitu kwa ajili ya mvuto na mbano uliomo tayari kwenye vipande hivyo.

Zege litasaidia, sikatai. Ila upande mmoja wa tundu slabu, yaani hilo zege la sakafu, husukumwa chini, na upande wa pili hung'olewa kwenda juu. Kinachoishika ni zile stadi, yaani vipingili vya chuma vyenye vichwa, zilizochomelewa juu ya bimu. Kama hujui ziko ngapi juu ya tundu lenyewe, msaada huo usiuhesabu.

Sasa sogeza tundu hilohilo hadi mita 3.5 kutoka kwenye nguzo. Shia inashuka hadi 30, mpindo unakuwa 15. Au bakini palepale mkate duara la kipenyo 300: kwa hesabu hii duara huchukuliwa kama mstatili wenye urefu wa 0.45 ya kipenyo, milimita 135, na mpindo unakuwa kama 14. Wakitaka maduara mawili jirani, chuma kinachobaki kati yake kinaweza kujikunja kwenda upande. Mimi sikubali kiwe chembamba kuliko kipenyo kimoja. Na namba zangu ni za kukuonyesha njia tu. Mchoro wa kukatia lazima usainiwe na mhandisi wenu mwenye mizigo halisi.

Ghorofa ya pili inahitaji tahadhari nyingine. Siku ya kumwaga, zege ni uji: halibebi chochote, linaongeza uzito tu. Chuma kitakuwa peke yake na tundu lake, kipande cha juu kikibanwa bila msaada wa slabu, kwa hiyo hali hiyo ipigiwe hesabu yake. Hakikisheni pia mabati yamefungwa barabara kwenye bimu, maana ndiyo yanayoizuia isilale upande. Ghorofa ya kwanza, wekeni jeki chini ya bimu, chomeleeni bamba za kuimarisha juu na chini ya mstari wa tundu, ndipo mkate. Si kukata kwanza.

Mhandisi, fundi wetu alikata mstatili kwa grenda, pembe zikawa kali na mikato ikapitiliza mstari. Ajaze kwa kuchomelea?
— Msomaji, Mombasa

Asijaze. Ufa huanzia hapohapo kwenye pembe kali. Arefushe tundu kidogo hadi mikato iishe, kisha azungushe pembe: nusu kipenyo ya mviringo huo isipungue mara mbili ya unene wa ubavu, wala milimita 16. Asage mpaka kidole kipite bila kukwama. Kabla ya kurefusha apate idhini ya mhandisi, kwani urefu wa tundu ndio unaozidishwa na shia.