Mvuvi wa mgao ni mwajiriwa wa nani? Majibu kwa wasomaji wetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria hapa Malimbe, Mwanza. Muhula huu tumeanza sheria ya kazi, na wenzangu wanasema ni somo la kukariri siku za likizo na malipo ya saa za ziada. Kaka yangu anavua sangara kwa mgao katika mtumbwi wa tajiri, hana mkataba wowote, na kila nikisoma fasili ya mwajiriwa sioni kama inamhusu. Je, somo hili lina kina, na nilisomeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wameishia juu juu. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ina hesabu zake, kama saa 45 za kawaida kwa wiki, siku 28 za likizo ya mwaka na siku 84 za likizo ya uzazi, na hizo utazijua mapema. Lakini haki hizo hazimfikii mtu ambaye hajathibitika kuwa mwajiriwa, na hapo ndipo ulipo uzito wote wa somo hili.

Fasili iliyokutatiza isome pamoja na kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo, ambacho ni rahisi kukiruka kwa kuwa kimo katika sheria nyingine. Kifungu hicho kinasema kwamba, bila kujali mkataba una sura gani, mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi itakapothibitishwa vinginevyo, endapo lipo walau jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi ziko chini ya udhibiti au maelekezo ya mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, anapewa vitendea kazi, au anamtumikia mtu mmoja tu. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006 kuhusu uhusiano wa ajira, lina msimamo huohuo: kinachotazamwa kwanza ni jinsi kazi inavyofanyika na kulipwa, si jina ambalo pande mbili zimeupa mkataba wao.

Anza na mfano mwepesi. Mwanamke anayekata minofu katika kiwanda cha samaki anaitwa kibarua, na huenda ameitwa hivyo kwa miaka. Alfajiri husubiri getini hadi msimamizi amtaje. Hupewa buti nyeupe, aproni na kisu cha kiwanda. Minofu yake hupimwa kwenye mizani, na kilo zake huandikwa katika daftari ambalo yeye husaini jioni. Katika maelezo hayo mafupi tayari yamo mambo matatu au manne ya kifungu cha 61. Mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira mbele ya vyombo vya sheria, kifungu cha 15 cha Sheria Na. 6 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Tena, miezi sita inayohitajika ili mtu alindwe dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali huhesabiwa kwa mwajiri yuleyule, iwe ni chini ya mkataba mmoja au zaidi.

Suala la kaka yako ni gumu zaidi, na kwa sababu hiyo linafaa zaidi kusomea. Tajiri ndiye mwenye mtumbwi, injini na nyavu. Samaki wakishauzwa mwaloni, hutolewa kwanza gharama za petroli, barafu na chambo, kisha kinachobaki hugawanywa. Vitendea kazi peke yake vinatosha kuibua dhana ya ajira, yaani kaka yako achukuliwe kuwa mwajiriwa hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Tajiri atajibu kwamba wao ni wabia, kwa kuwa wavuvi huamua wenyewe watege wapi, na samaki wakikosekana hakuna anayepata kitu. Hoja hiyo haipuuziki, nawe usiijibu kabla ya kuuliza. Nyavu zikiibwa usiku, hasara ni ya nani? Je, kaka yako anaweza kumuuzia samaki mnunuzi mwingine, au kumtuma mtu mwingine aende ziwani badala yake bila ruhusa? Nani anaandika hesabu, na wavuvi huiona? Kwa maoni yangu, pale ambapo tajiri ndiye anayechagua mnunuzi, anayepanga bei na anayeshika daftari peke yake, mgao ni namna tu ya kukokotoa ujira. Pale ambapo wavuvi wana sauti ya kweli katika hayo, ubia unaaminika.

Kwa hiyo, unaposoma hukumu, ambazo utazipata bure katika tovuti ya TanzLII, usikimbilie uamuzi wa mwisho. Soma ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako migogoro ya kazi huanzia, kisha jiulize wewe ungeamuaje. Nakusihi ufanye hivyo kwa sababu rufaa kutoka Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu. Jambo la ukweli lililoachwa bila kuelezwa vizuri kwenye Tume ni vigumu sana kuokolewa huko juu. Nimehuzunishwa mara nyingi na madai yenye haki yaliyoanguka kwa sababu hakuna aliyemuuliza mlalamikaji jioni alikuwa akisaini wapi.

SWALI: Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Musoma. Sina shahada ya sheria. Je, naweza kumwakilisha mwanachama wetu aliyeachishwa kazi?

JIBU: Ndiyo. Katika usuluhishi mbele ya Tume, kifungu cha 86 cha Sheria Na. 6 kinamruhusu mlalamikaji kuwakilishwa na mwanachama au kiongozi wa chama chake, na wakili si lazima. Angalia tarehe kwanza: mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mkichelewa, itabidi muombe kuongezewa muda na mtoe sababu za msingi. Jazeni fomu namba 1 ya Tume, na nakala yake mumpelekee mwajiri na kumsainisha, kwa sababu Tume itataka kuridhika kwamba ameipokea.