Italia kwa treni, mfuko mdogo

Dada, kuzunguka Italia kwa treni kwa pesa kidogo inawezekana kabisa, usiogope. Za mwendokasi, Frecciarossa na Italo, kata tiketi mapema. Ukingoja siku ya safari bei inapaa vibaya. Treni za Regionale, zile za kawaida zinazokwenda polepole, nauli yake ni ileile hata ukikata dakika za mwisho. Kwa Regionale, Roma hadi Napoli utatumia kama saa 3, lakini unaokoa hela nzuri.

Ila tafadhali: tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine cha kituoni kabla ya kupanda. Usipogonga, unapigwa faini ingawa nauli umelipa. Venezia usilale kisiwani, lala Mestre, upande wa bara. Treni ni dakika 10 hivi na vyumba huwa nafuu.