Mkanda wa harusi ya wazazi una weupe ndani, niuweke kwenye deki?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimekuta kabatini kwa mama hapa Moshi mkanda wa VHS wa harusi yao ya 1993, una kama vumbi jeupe, deki ya jirani ipo. Mdogo wangu anasema tutupe tu, eti mambo ya kizamani, huku mwenyewe anaangalia sinema ya zamani, Hatari! ya John Wayne, kwa sababu imepigwa Arusha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiuweke! Huo ni ukungu, utachafua hedi za deki (vile vichwa vinavyosoma mkanda), mkanda nao unaweza kukatika, halafu uanze kumlipa jirani. Tafuta fundi anayehamisha mikanda kwenye flashi, ausafishe kwanza, na akikwambia rudi kesho usinune maana mkanda wa saa tatu unachezwa saa tatu zile zile. Mdogo wako mwambie Hatari! ya 1962 ina nakala dunia nzima, ya mama yenu iko moja tu. (Mimi hiyo sinema naangalia mandhari ya Momella, kule Arusha ilikopigwa, na Mlima Meru, John Wayne wala sina habari naye.) Mkishahamisha kaeni na mama awatajie nani ni nani, hasa wale wazee waliokaa karibu na mbuzi wa ndafu, andikeni majina siku hiyo hiyo.